Waini 24 za bei chee, Majilio na hili neno zambarau

Mwaka 2024 tarehe 1 Disemba iliangukia Jumapili, na Jumapili hiyohiyo ndo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kungoja Krismasi kanisani, kitu ambacho hakitokei kila mwaka, kwa hiyo asubuhi tumetoka kanisani padri kavaa zambarau, jioni mimi na dada yangu tumekaa mezani kwenye kaflati ketu hapa Birmingham na boksi kubwa la karatasi ngumu lenye milango 24, na nyuma ya kila mlango kuna kichupa cha waini. Boksi nililinunua mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja kwa paundi 60, duka la bei nafuu tu la kawaida, nikalibeba kwenye basi mpaka nyumbani na mikono ikauma siku mbili.

Kwa wasioijua hii kitu, huku Ulaya watoto wanapewa kalenda ya kuhesabu siku kuelekea Krismasi, unafungua kamlango kamoja kila siku kuanzia tarehe 1 mpaka 24, ndani unakuta picha au chokoleti. Anayetajwa sana kwenye historia yake ni Mjerumani Gerhard Lang wa Munich, mama yake alikuwa anambandikia vitamu 24 kwenye karatasi ngumu alipokuwa mdogo ili asimsumbue na swali la Krismasi lini, na alivyokuwa mtu mzima mwanzoni mwa karne ya 20 akaanza kuzichapisha kalenda kama biashara. Za waini za watu wazima ni za juzijuzi tu, supamaketi za Uingereza zimezisambaza kwa kasi kuanzia kama 2017 hivi, na siku hizi ukichelewa unakuta zimeisha.

Sasa kwanini nimeandika posti refu kuhusu vichupa vya bei chee. Mi nimekulia Hombolo, Dodoma. Nyumbani tuna shamba la zabibu, mama analima mpaka leo, nimeanza kuchuma nikiwa darasa la tatu na najua kupogoa mzabibu vizuri kuliko nilivyowahi kujua hesabu. Lakini waini yenyewe tulikuwa hatunywi, sisi tulikuwa tunauza zabibu, waini unaiona altareni na kwenye meza kuu ya harusi basi. Nimekuja kukutana nayo huku, na kila nikisoma maandishi ya nyuma ya chupa nakuta wametaja matunda ya huku, kale katunda kadogo ka kijani kachachu, kale keusi wanakotengenezea juisi ya watoto, mi sijakua nikiyala hayo, kwa hiyo kwa miaka kama sita nilikuwa nakunywa huku naamini ulimi wangu una upungufu. Watu kazini wanasema unasikia ile nini? Nasema ndiyo. Nilikuwa sisikii.

Disemba hiyo nikasema hapana. Nikanunua daftari, nikamwambia dada waini 24, kila siku tunaandika kwa Kiswahili kile ulimi unachosema, na hakuna kusoma lebo ya nyuma mpaka tumeshaandika.

Kichupa kimoja kina mililita 187, yaani robo ya chupa ya kawaida, boksi zima ni kama chupa sita. Tuligawana nusu kwa nusu kila jioni, na sio uchoyo, ni hesabu: kichupa kimoja cha asilimia 12.5 ni zaidi kidogo ya yuniti 2 kwa vipimo vya pombe vya huku, ukinywa peke yako kila siku kwa wiki unafika kama 16, na ushauri wa afya wa hapa ni usizidi 14. Kugawana pia kunafanya mtu aonje badala ya kunywa. Dada anapenda kuchoma udi jioni, nikamwomba aache mpaka tumalize kuonja, akakubali kwa shingo upande. Na mama tulikuwa tunampigia video karibu kila siku, kule inakuwa usiku sana lakini anasubiri.

Siku ya kwanza ilikuwa Pinot Grigio, nyeupe ya Italia, na tuliiharibu wenyewe. Ilikaa friji tangu asubuhi, ikatoka baridi kama barafu, tukaandika "maji ya ndimu" tukafunga daftari. Nusu saa baadaye nikainusa iliyobaki kwenye glasi, kumbe ina harufu ya tunda, ina tango, ina kitu kama ua. Baridi kali inafunga harufu. Kuanzia siku hiyo nyeupe tukawa tunazitoa friji dakika kama 15 kabla, na nyekundu tunaziingiza friji dakika hizohizo, maana flati za huku na hita zake nyekundu inakuwa vuguvugu halafu pombe ndo inapanda puani peke yake.

Maneno mawili tuliyapata wiki ya kwanza na yakatubeba mpaka mwisho. La kwanza uchachu, hilo kila mtu analo, ni lile linaloleta mate. La pili ukakasi. Jamani hili neno ni zawadi. Huku wanazunguka wee kueleza kile kitu cha waini nyekundu kinachokausha mdomo, sisi tuna neno moja ambalo mtoto wa miaka minne analijua kwa sababu kashang'ata ndizi mbichi au bibo la mkorosho. Unatoka kwenye ganda na kokwa za zabibu, unashikana na mate yako mdomoni mpaka ulimi unakuwa kama kitambaa, ndo maana waini nyeupe karibu haina, ile inakamuliwa na maganda yanawekwa pembeni. Basi nikiandika "ukakasi wa bibo lililoiva" na siku nyingine "ukakasi wa ndizi mbichi kabisa" hizo ni waini mbili tofauti, na dada ananielewa bila kuuliza swali.

Tarehe 4 ndo ilinifungua macho. Sauvignon Blanc ya New Zealand. Nimeinusa tu nikasema pasheni. Dada kasema pera. Tumebishana pale kama watu wa mpira, pasheni, pera, pasheni, pera, mwisho tukaandika yote mawili. Nikaenda kusoma usiku, nikakuta kumbe tuko sahihi wote na sio kwa kufananisha: kuna kemikali za familia ya salfa ambazo ndo zinaipa hiyo waini harufu yake, na ni zilezile zilizomo kwenye pasheni na kwenye pera. Sio zinazofanana. Zilezile. Nilikaa kimya kidogo. Miaka yote najiona sina ulimi, kumbe mtu aliyekulia chini ya mpera ana haki ya kuizungumzia hii waini kuliko mwingine aliyejifunza pera kwenye kitabu.

Baada ya hapo nikawa natafuta kila kitu. Nyekundu ya tarehe 7 ya zabibu inaitwa Syrah, ambayo hata Dodoma ipo, tuliandika pilipili manga, na kweli ganda la Syrah lina kemikali inaitwa rotundoni ambayo ndo inaifanya pilipili manga inukie pilipili manga. Nyingine ilikuwa imekaa kwenye mbao za mwaloni tukaandika karafuu, kumbe mbao ikibabuliwa moto inatoa kemikali inaitwa yujenoli, ambayo ndo harufu kuu ya karafuu. Waini za bei hii haziwekwi kwenye mapipa mapya, mapipa ni ghali mno, wanatumbukiza vipande vya mbao kwenye tangi, lakini harufu ni harufu. Yaani ukimpa mtu wa Pemba hiyo glasi ataitaja ndani ya sekunde mbili bila kufundishwa na mtu.

Tarehe 6 nayo siwezi kuiruka. Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Hii zabibu asili yake ni bonde la Loire Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini ndo inaongoza duniani kwa kuilima, na Dodoma pia ipo. Namwonyesha mama kichupa kwenye simu nikamsomea jina, akasema "si ile nyeupe, tunayo ile." Nikaionja huku ananiangalia. Pera tena lakini lililoiva kabisa, asali kidogo, halafu uchachu unakuja nyuma unasafisha. Mama akauliza, "Sukari yake ikoje?" maana kwake zabibu ni kipimo cha sukari, mnunuzi anakuja na kidude anakamulia tone moja anachungulia, hapo ndo bei yako inajulikana. Nikamweleza kwamba sukari yote imeshageuka pombe, chachu imeila, ndo maana haina utamu na bado ina harufu ya kitu kitamu. Akafikiri. Akasema kwa hiyo wananunua sukari yetu halafu wanaichoma. Ndiyo mama, ndo hivyo.

Hapo tukaingia kwenye maongezi marefu, kwanza ya historia maana mama anapenda kusimulia jinsi wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950 walivyopanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa na kutoka hapo ikasambaa, na jinsi kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari Machi na tena Agosti Septemba, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, wewe mwenyewe kwa mkasi ndo unauambia sasa anza. Huku mzabibu unapukutika majani unalala miezi yote hii ya giza, unazaa mara moja tu. Halafu akauliza swali ambalo nilijua litakuja: "Na hicho kichupa, mkulima wake anapata shilingi ngapi?"

Sikuweza kumjibu ila nilipiga hesabu ninayoiweza, naiweka hapa kwa sababu inaeleza waini ya bei chee kuliko maelezo ya kuonja. Uingereza mwaka huo ushuru wa chupa ya kawaida ya waini, kama pombe yake iko kati ya asilimia 11.5 na 14.5, ulikuwa paundi 2.67. Ushuru hauangalii kama waini ni nzuri au mbaya. Juu yake kuna VAT ya asilimia 20. Sasa chukua chupa ya paundi 5 pale shelfuni: VAT senti 83, ushuru 2.67, inabaki paundi 1 na nusu. Hiyo moja na nusu inalipa glasi, kifuniko, lebo, meli, lori, faida ya duka, na waini. Chupa ya paundi 10 ushuru ni uleule, kwa hiyo kinachobaki ni zaidi ya paundi 5 na nusu, mara tatu na zaidi, ndo maana ukiongeza hela kidogo tu waini inabadilika sana. Na boksi langu la paundi 60, VAT 10, ushuru kama 16, zimebaki 34 kwa vichupa 24 na boksi lake na kila aliyeligusa njiani.

Ndo maana pia waini nyingi za bei hii hazisafiri kwenye chupa. Zinakuja kwenye mfuko mkubwa wa plastiki unaojaza kontena zima, lita kama elfu 24 kwa mpigo, zinajazwa chupani hukuhuku. Nilivyoambiwa mwanzoni niliona kama uchakachuaji, lakini ukifikiria hela ya kusafirisha kioo kutoka Chile unaelewa, na waini haiharibiki kwa hilo ikishughulikiwa vizuri.

Mama alisikiliza yote akasema msimu mmoja mnunuzi alichelewa wiki tatu kuja, zabibu zikaanza kukauka mtini, akaziuza kwa ndoo barabarani. Nilikuwa sijui hiyo. Nilikuwa huku nimeshahama, hakutaka kunisumbua.

Tuendelee. Mbaya zilikuwepo, nadhani mtu akikuambia zote 24 zilikuwa nzuri hajaonja. Merlot ya tarehe 9 tulifungua ikanuka mayai viza mpaka dada akasogeza kiti. Hii inatokea kwenye vifuniko vya kusokota, waini imebanwa haijapumua na kuna salfa imejikusanya, usimwage. Tuliimimina glasi hadi glasi kama mtu anapoza chai, mara nane au tisa, tukaiacha robo saa, harufu ikaondoka na chini yake kulikuwa na waini ya kawaida yenye adabu zake. Ya tarehe 12 hiyo haikufufuka. Nyeupe, rangi imeshaenda kwenye kahawia, inanuka tufaha lililokatwa likaachwa mezani. Ilikuwa imezeeka, na vichupa vidogo vinazeesha waini haraka kwa sababu hewa iliyobaki shingoni ni nyingi ukilinganisha na waini yenyewe. Kalenda ikikaa dukani karibu na taa miezi miwili mitatu, ndo hivyo. Tukaipika kwenye rosti ya ng'ombe. Ushauri wangu, ukinunua weka sehemu ya baridi na giza, usiisimamishe juu ya hita kama pambo.

Tarehe 13 Carmenere ya Chile, na hii ina kisa nimekipenda sana. Ni zabibu ya Bordeaux, karne ya 19 ikapelekwa Chile, halafu kule Ufaransa kukaja kidudu cha mizizi kinaitwa filoksera kikaangamiza mashamba na hii ikakaribia kupotea kabisa. Kumbe huku Chile ipo, imechanganywa mashambani na Merlot, wakulima wanaivuna wanaiita Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot akapita kwenye mashamba akaiangalia mizabibu akasema hii sio Merlot. Miaka zaidi ya 100 inaitwa jina la mwenzie. Sisi kwenye daftari tuliandika "hoho". Pilipili hoho ya kijani imekatwa sasa hivi kwa ajili ya kachumbari, na yes, kemikali ni ileile ya kwenye hoho. Ndo harufu ambayo ingewaambia watu kila mwaka kama kuna mtu angeisikiliza.

Tarehe 15 nitaisema haraka maana hata sijui niisemeje. Ilikuwa Dominika ya tatu, Dominika ya furaha, padri anavaa rangi ya waridi badala ya zambarau. Tunarudi nyumbani, dada anafungua mlango wa 15, rozei. Rangi ileile ya kanzu. Tukanyamaza tukatazamana. Waini yenyewe nyepesi, komamanga na tikiti, haitakaa kichwani mwa mtu, lakini mi sitaisahau.

Chakula nacho kilitufundisha. Malbec ya Argentina ya tarehe 18, ya Mendoza, mashamba yako juu kama Dodoma tu na mengine juu zaidi, tulipata na mishkaki ya mafuta na chumvi ukakasi wote ukalainika ukawa hariri. Kesho yake nyekundu nyingine kali tukala na samaki wa pilipili, balaa, pilipili na ukakasi na pombe vinachocheana mpaka masikio yanawaka. Samaki waliobaki tukawala tarehe 20 na Moscato tamu yenye pombe kidogo, raha tupu, utamu unaushika ule moto unautuliza. Kama mnakula pilipili nyumbani kwenu nyekundu kali iacheni, tafuteni kitu chenye sukari kidogo na ubaridi.

Na zile nusu nusu tulizokuwa tunashindwa kumaliza nilikuwa nazikusanya kwenye chupa friji, nyekundu tu, Dominika ya nne tukazipasha na karafuu aliyoleta mgeni kutoka Pemba, mdalasini, iliki mbili, ganda la chungwa na asali. Usiache ichemke, pombe itakimbia, na karafuu zisizidi nne tano la sivyo unakunywa dawa ya meno.

Tarehe 24 ilikuwa yenye mapovu, kavu, tufaha na mkate uliotoka oveni. Tulimpigia mama mapema kabla hajaenda mkesha. Nikamsomea daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Nilivyomaliza dada akahesabu, neno zambarau lilikuwa limeandikwa mara tisa, karibu kila nyekundu iliyokuwa nzuri, zambarau zile za mti, zile tulikuwa tunaokota njia ya shule tunarudi na meno meusi na ulimi umekakamaa, ladha tamu, chachu na kakasi kwa pamoja. Kwenye ulimi wangu ndo zilikuwa zinashika nafasi ya lile tunda jeusi walilokuwa wanalitaja nyuma ya chupa. Na ndo rangi ya Majilio.

Mama akaomba nimrudie ya tarehe 6. Nikamsomea: pera lililoiva, asali, uchachu safi. Akasema, "Ongeza hapo, la Hombolo. Mapera ya huku na ya huko sio sawa."

Nikaongeza. Akageuza simu kunionyesha nje lakini kulikuwa na giza, nikaona tu nguzo ya kwanza ya shamba na majani machache yaliyopata mwanga wa mlango. Akasema zimeshafunga vishada, bado za kijani, Februari zitakuwa tayari, na kuna mnunuzi mpya kaja kuandikisha majina.